Makazi shirikishi: dhana potofu zinazosikika Mbeya na Iringa, na ukweli wake

Makazi shirikishi ni mtaa mdogo uliopangwa na wakazi wenyewe, ambamo kila kaya ina nyumba yake kamili yenye jiko, choo na mlango wa kufunga, na katikati yake kuna nyumba ya pamoja yenye jiko kubwa, ukumbi wa kulia, na pengine chumba cha kufulia na karakana. Mtindo huu ulianzia Denmark, ambako Sættedammen, yenye nyumba 27, ilikamilika mwaka 1972. Baadaye ulifika Marekani, na Muir Commons ya Davis, California, ikafunguliwa mwaka 1991 ikiwa na nyumba 26. Wazo hili likitajwa Uyole au Kihesa hupokelewa kwa mashaka, na mengi ya mashaka hayo hutokana na kulichanganya na mambo mengine ambayo watu wameyapitia.

“Hiyo ni nyumba ya kupanga iliyopewa jina zuri.”

Anayesema hivi anakumbuka mambo ya kweli: mita moja ya LUKU kwa vyumba sita, anayepiga pasi kila asubuhi akichangia sawa na mwenye taa moja, foleni ya choo alfajiri ya Julai wakati baridi ya Mbeya inauma mpaka vidoleni, na beseni la nguo lililoachwa katikati ya uwanja tangu jana. Ugomvi huo huzaliwa kwa sababu wapangaji hulazimika kutumia kwa pamoja vitu ambavyo hakuna aliyependa kuvitumia na mwenzake, chini ya mwenye nyumba anayeamua peke yake. Katika makazi shirikishi mambo yamegeuzwa. Choo, bafu na jiko la kila siku vinabaki ndani ya nyumba ya kila kaya, na kinachotumiwa kwa pamoja ni kile ambacho kaya moja isingekimudu au isingekihitaji kila siku. Kwa mikoa hii yenye msimu mmoja wa mvua na kiangazi kirefu, mfano mzuri ni tangi kubwa la kuvunia maji, ambalo wala si anasa. Hata ramani huchorwa kwa kuilinda faragha: magari huachwa pembeni, dirisha la jiko huelekezwa kwenye njia ya waenda kwa miguu ambako watu husalimiana, ilhali vyumba vya kulala na uani huelekea upande wa nyuma ambako hakuna anayepita.

“Ni ujamaa umerudi.”

Iringa ina kumbukumbu nzito katika hili. Mvutano wa ardhi Ismani uliishia kwa kuuawa kwa Mkuu wa Mkoa, Dkt. Wilbert Kleruu, siku ya Krismasi ya mwaka 1971, na miaka michache baadaye Operesheni Vijiji ikahamisha mamilioni ya watu nchini, wengi wao bila hiari. Makazi shirikishi hayagusi shamba, mshahara wala duka la mtu. Kila kaya hubaki na kipato chake na huchangia gharama za vitu vya pamoja tu, tena baada ya kujiunga kwa kutaka. Kama ni lazima kutafuta jirani yake katika historia yetu, basi ni afadhali kutazama vijiji vya Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kama Litowa, ambavyo watu walijiunga kwa hiari kabla chama hicho hakijafutwa mwaka 1969, ingawa hata wao walilima pamoja, jambo ambalo halimo katika mpango huu.

“Ni mambo ya Wazungu.”

Mtu wa Rungwe au Kyela hapaswi kuyasema haya. Zamani Wanyakyusa waliishi katika vijiji vya marika: vijana wa kiume wa umri mmoja walijenga kando ya kijiji cha baba zao, wakaoa na kuendelea kuishi hapo pamoja, kila mmoja akiwa na nyumba yake, huku wanarika wakila pamoja. Kilichoongezwa leo ni kwamba umri huchanganywa, na mwanamke ana kura sawa katika kikao.

“Mtalazimika kula pamoja kila siku.”

Hapana. Kwa kawaida mlo wa pamoja huandaliwa mara chache kwa wiki, wapishi hupokezana zamu, na asiyetaka hula kwake.

“Ni njia ya kujenga kwa bei rahisi.”

Hii ni dhana ya wanaolipenda wazo, na kwa maoni yangu ina madhara zaidi ya zile za wanaolipinga. Nyumba ya pamoja nayo ni jengo, na mtu lazima alilipie. Nafuu huja polepole, kwa kujenga nyumba binafsi ndogo zaidi, kuajiri mlinzi mmoja, na kununua mchele wa Kyela kwa magunia.

“Watu wakipendana, inatosha.”

Haitoshi. Wanawake waliojenga New Ground huko London, yenye nyumba 25 za wenye umri wa zaidi ya miaka 50, walianza safari yao mwaka 1998 wakahamia mwaka 2016. Kwetu kikwazo cha kwanza kitakuwa hati. Kiwanja kikiandikwa jina la mtu mmoja kwa sababu ndiye anayeaminika, siku akifariki majirani zake watajikuta mbele ya warithi wasiowajua. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaruhusu umiliki wa pamoja wenye hisa, sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inawezesha kila kaya kupata hati yake, na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inatoa njia ya kuunda ushirika. Ardhi ikiwa ya kijiji, mazungumzo huanzia kwa halmashauri ya kijiji.

Maamuzi mengi hufikiwa kwa maafikiano, na kura hupigwa pale tu yanaposhindikana, kwa hiyo asiyevumilia vikao asijiunge. Katiba iandikwe kabla ya msingi kuchimbwa, ikitaja mbwa, kuku, kelele na mchango uliochelewa. Kifungu cha kuondoka ndicho kinachostahili kikao kirefu kuliko vyote: iwapo kikundi kina haki ya kununua kwanza, bei itakadiriwa na nani, na warithi wasiotaka kuishi hapo watapewa muda gani wa kuuza.