Je, wajua? Sangara na fukusi walikutana ndani ya boksi la viatu

Kwa miezi saba kadi mbili zilikaa kwenye boksi moja chini ya kitanda changu, hapa Nyegezi, jijini Mwanza, bila kujuana. Ya kwanza niliiandika nikisoma kitabu cha samaki wa Ziwa Victoria. Sangara aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, tena kwa nia njema: awale furu, vijisamaki vyenye miiba mingi na soko dogo, avigeuze kuwa minofu. Kufikia miaka ya 1980 furu walikuwa wameporomoka, na aina nyingi hazijaonekana tena. Kadi ya pili ilitoka kwenye kitabu kingine kabisa, cha wadudu na kilimo. Magugumaji yalipoziba mialo miaka ya 1990, wataalamu walileta fukusi wadogo kutoka Amerika Kusini, kule kule gugu lenyewe lilikotoka. Wakazaliana, wakalitafuna, na sehemu kubwa ya maji ikafunguka.

Siku nilipoziona zote mbili mezani nilishtuka. Wote ni wageni, wote waliletwa na binadamu, wote walitumwa kutatua tatizo. Mmoja aliteketeza, mwingine akasaidia. Tofauti iko wapi? Iko mdomoni. Fukusi yule chakula chake ni gugumaji. Likiisha, naye kwisha. Sangara anakula furu, furu wakipungua anahamia kwa dagaa na uduvi, na njaa ikimbana anakula hata watoto wa sangara wenzake.

Sasa, vitabu hivyo viwili nilivisoma mwenyewe, kwa kichwa hiki hiki. Imekuwaje kichwa kishindwe kuviunganisha, kazi hiyo ifanywe na karatasi?

Tuanze na kichwa. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana, akasubiri, kisha akapima ilimchukua juhudi kiasi gani kuzikariri upya. Baada ya saa moja, zaidi ya nusu ya jasho lake la mwanzo lilikuwa limepotea. Jaribio hili hutajwa sana kuonyesha tunavyosahau upesi. Mimi huvutiwa zaidi na silabi zenyewe. Alizitafuta zisizo na maana kwa makusudi, zisiwe na pa kujishikiza. Mwambie mvuvi wa Igombe jina la wavu mpya uone kama atalisahau: jina hilo limekuta nyavu nyingine ishirini kichwani mwake za kulilinganisha nazo. Mwambie mtu wa bara asiyewahi kupanda mtumbwi, na kesho atakuuliza tena.

Kitabu cha somo geni huingia kichwani kama silabi za Ebbinghaus. Unasoma, unafurahi, unapigia mstari kwa kalamu, unafunga. Mstari unabaki kitabuni.

Wengine tunasema basi tuandike. Nami nilikuwa na kaunta buku la kwaya mbili, kila kitabu na kurasa zake, jina juu kwa wino mwekundu, muhtasari chini. Lilipendeza kweli, na nililionyesha kwa wageni. Ila usafi huo ndio uliokuwa ukuta. Sangara alikaa mwanzoni mwa daftari, fukusi karibu na mwisho, na hapakuwa na sababu hata moja ya mimi kufungua kurasa hizo kwa mpigo. Nilikuwa nimejenga makaburi ya vitabu, kila kimoja na jiwe lake.

Mtu anayesifika sana kwa kutoka kwenye mtego huu ni Niklas Luhmann, mwanasosholojia wa Ujerumani aliyezaliwa 1927 na kufariki 1998. Hakuanza kama profesa. Alisomea sheria, akaajiriwa ofisi za serikali, na baada ya kazi alirudi nyumbani akasoma na kuandika kwenye vipande vya karatasi. Kufikia mwisho wa maisha yake vipande hivyo vilikuwa karibu 90,000, na vilikuwa vimemsaidia kuandika makumi ya vitabu. Alipoajiriwa Chuo Kikuu cha Bielefeld mwishoni mwa miaka ya 1960 aliulizwa mradi wake wa utafiti ni upi. Akajibu: nadharia ya jamii, muda, miaka 30, gharama, hakuna. Kitabu kilichotimiza ahadi hiyo kilitoka 1997, mwaka mmoja kabla ya kifo chake.

Ujanja wake ulikuwa kwenye namba. Hakuwa na droo ya siasa, droo ya sheria na droo ya dini. Kila kadi ilipewa namba isiyobadilika. Tuseme kadi 21 ina wazo fulani. Wazo jipya linaloliendeleza linakaa nyuma yake, linaitwa 21a. Likizuka swali juu ya 21a, linakuwa 21a1. Ukirudi kwenye 21 ukakuta tawi jingine, hilo ni 21b. Anayejua vilima vya Igogo au Mabatini hapati shida kuelewa: nyumba mpya haisubiri mtaa mpya upimwe, inajibana kati ya jiwe na jirani. Kisha, ndani ya kadi, Luhmann aliandika namba za kadi za mbali zinazohusiana nayo, kama mtu anayekuelekeza njia ya mkato kutoka Igogo hadi Bugando bila kushuka barabarani.

Hapo hapana uchawi. Kazi yote inafanyika ile dakika umeshika kadi mpya na hujui uiweke wapi. Lazima ujiulize jirani yake ni nani. Kulijibu swali hilo kunakulazimisha kupekua kadi za zamani na kujikumbusha ulichokuwa umekisahau. Wanasaikolojia wa Marekani, Roediger na Karpicke, walionyesha mwaka 2006 kwamba wanafunzi waliojitahidi kukumbuka walichosoma walikishika kwa muda mrefu kuliko waliorudia kukisoma tu. Boksi la kadi linakufanyia mtihani huo kila unapoligusa, nawe hujui kama uko kwenye mtihani.

Kwangu mimi mambo ni ya kienyeji. Nanunua karatasi za A4, nakata kila moja vipande vinne, boksi ni la viatu. Nikimaliza sura nafunga kitabu kwanza, ndipo naandika, maana kitabu kikiwa wazi mkono unanakili huku akili imelala. Wazo moja, kadi moja, kwa maneno yangu. Chini kabisa naacha mstari wa swali lile lile kila mara: hili nimeliona wapi? Kadi ya fukusi ilikaa miezi saba bila jibu kwenye mstari huo. Nilipata jibu kwa bahati, nikitafuta mahali pa kuweka kadi nyingine ya uvuvi. Ndipo ikazaliwa hii, nainakili kama ilivyo:

“14c. Mgeni mlaji wa kimoja ana breki. Mlaji wa vyote hana. Tazama 14 (sangara) na 33b (fukusi). Kabla ya kumsifu mgeni, uliza anakula nini.”

Ziko programu za simu na kompyuta zinazounganisha maandishi kwa kugusa tu. Nimezijaribu, na anayezipenda asiziache. Mimi zilinishinda kwa wepesi wake: baada ya wiki mbili nilikuwa na viungo tele na hakuna hata sentensi moja ya kueleza kwa nini hiki kimeshikana na kile. Kiungo kisicho na sentensi ni kamba iliyofungwa upande mmoja.

Kadi 14c haikukaa kimya. Ilivuta kadi ya pamba ya Usukumani, niliyoiandika nikisoma historia ya vyama vya ushirika: bei ikianguka huko duniani, kijiji kinachotegemea zao moja kinaanguka nayo. Fukusi naye ndivyo alivyo, gugu likipungua na yeye anapungua, na gugu likirudi linamkuta mchache. Kumbe breki ile ile ni udhaifu.

Halafu nikapata aibu kidogo. Mwaka 1997 ulichapishwa utafiti uliofanyika hapa hapa, Ghuba ya Mwanza na visiwa vyake, kuhusu furu na rangi. Furu jike humchagua dume kwa rangi yake, mwekundu au wa buluu kulingana na aina. Maji yakiwa maangavu, kila jike anamwona wa kwao. Maji yakichafuka kwa mbolea na taka zinazotiririka kutoka mashambani na mijini, mwani ukatanda, rangi hazionekani sawasawa na aina zinaanza kuchanganyika. Kwa hiyo furu waliopotea hawakupotelea kwenye tumbo la sangara peke yake. Kadi yangu ya 14 ilikuwa imemhukumu mshtakiwa mmoja katika kesi yenye washtakiwa kadhaa. Sikuichana. Niliongeza 14d, “mwingine ni maji machafu”, na pembeni ya 14c nikaandika: polepole.

Hii ndiyo hatari ya mchezo wenyewe. Mambo mawili yakifanana, mtu anadhani moja limelizaa jingine. Boksi linakuonyesha mfanano tu. Ukweli bado unautafuta mwenyewe.

Kadi ya rangi nilimsomea shangazi yangu, anayeuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Yeye naye ana daftari. Nilidhani ni la madeni tu, mpaka alipolifungua: pembeni ya kila bei ameandika “giza” au “mbalamwezi”. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, kwa karabai zamani na sasa kwa za sola. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti kitu, mitumbwi inapumzika, mzigo unapungua na bei inapanda. Safu mbili za daftari lake zimekuwa zikisemezana kwa miaka, na hajawahi kusikia habari za Luhmann.

Alinisikiliza hadi mwisho, akakaa kimya huku akipepeta dagaa.

“Sasa baba,” akasema, “hao furu wako wanaochagua kwa kuona. Usiku wa mbalamwezi wanachaguana pia, au wanangoja kuche?”

Sikuwa na jibu. Nikaomba kalamu yake, na kwenye kipande cha boksi la sabuni nikaandika swali hilo, na juu yake namba: 14d1.