Faili Likigeuzwa Diski Bado ni Faili: Ufafanuzi kwa Watumiaji wa Seva za Linux

Kitengo chetu cha TEHAMA kimekuwa kikipokea malalamiko yanayofanana: mtumiaji ametengeneza diski pepe (faili linalotumika kama diski) ya GB 50, ndani amri ya kupima nafasi, `df`, inaonyesha nafasi tele, lakini kila akiandika anapata kosa. Anahitimisha kuwa diski ya seva imeharibika. Haijaharibika.

Kwa kerneli, yaani kiini cha Linux, diski ni safu ndefu ya sekta zenye namba, kwa kawaida za baiti 512. Faili nalo ni safu ya baiti zenye namba. Kazi ya kifaa cha lupu (`/dev/loop0` na wenzake) ni kuunganisha hizo mbili: kikiombwa sekta namba 100, kinasoma faili kuanzia baiti ya 51,200. Mfumo wa faili (mpangilio wa kuhifadhi faili) ulio juu yake, tuseme ext4, haujui kama chini kuna diski ya kweli au faili tu.

Amri ya `truncate -s 50G data.img` haitengi GB 50. Inaandika ukubwa peke yake. `ls -lh` itasema 50G, `du -h`, inayoonyesha nafasi iliyotumika kweli, itasema 0. Seva iliyobakiwa na GB 20 itaikubali bila kelele, kisha siku nafasi halisi ikiisha `dmesg` (kumbukumbu za kerneli) itajaa makosa ya uandishi, na ext4 inaweza kujifunga ikawa ya kusoma tu. Anayetaka uhakika atumie `fallocate -l 50G data.img`. Vilevile, kufuta vitu ndani hakupunguzi faili nje mpaka uendeshe `fstrim`.

Tunaomba pia msilete tena taarifa za vifaa vya lupu vilivyojaa asilimia 100 kwenye Ubuntu. Hivyo ni vifurushi vya snap (programu), ambavyo ni squashfs, mfumo wa faili uliobanwa wa kusoma tu. Vimejaa tangu siku vilipotengenezwa.

Kosa la “wrong fs type” wakati wa kupachika (kuunganisha diski na folda kwa `mount`) mara nyingi hutokana na picha, yaani nakala, ya diski nzima yenye vigawanyo (sehemu za diski). Ambatanisha kwa `losetup -fP --show data.img`, kisha pachika `/dev/loop0p1` (au namba utakayoonyeshwa). Kama unapachika moja kwa moja na `fdisk -l` inaonyesha kigawanyo kinaanzia sekta ya 2048, zidisha kwa 512: `mount -o loop,offset=1048576`.

Utaratibu wa kufunga unafuatwa kwa mpangilio huu na si vinginevyo. Toka kwenye folda husika. Endesha `umount /mnt/data`. Ikijibu kuwa “busy”, tafuta mchakato unaoshikilia kwa `fuser -vm /mnt/data`. Ndipo `losetup -d /dev/loop0`, na mwisho `losetup -l` kuthibitisha kuwa kifaa hakimo. Ukianza na `losetup -d` kabla ya `umount`, kerneli hailalamiki. Inaahirisha tu hadi mtumiaji wa mwisho aondoke. Wengi huona ukimya huo, wakanakili faili kwa `cp`, na nakala inatoka nusu ya zamani nusu mpya. Na ukilifuta kwa `rm` likiwa limeambatanishwa, nafasi hairudi: `losetup -l` italionyesha na neno “(deleted)”. Kwenye seva za pamoja, atakayekutwa na vifaa vya namna hiyo ataandikiwa onyo. Akirudia, ataondolewa ruhusa ya `sudo` (haki za msimamizi) na atalazimika kuomba upya kwa maandishi kupitia mkuu wa idara yake.

Faili moja lisipachikwe kwa kuandika mara mbili, iwe kwa lupu mbili au kwa seva mbili kupitia NFS (faili zinazoshirikiwa kwa mtandao). Kila upande una kumbukumbu yake na utafuta kazi ya mwenzake. Hapo hatuna la kurejesha ila nakala rudufu, kama ipo.

Kwa picha zinazohifadhiwa kama ushahidi, `mount -o ro` haitoshi: ext4 iliyozimwa vibaya inaweza kuandika ili kukamilisha jarida lake, yaani rekodi ya mabadiliko ambayo hayajamalizika. Ambatanisha kwa `losetup -r`, kisha pachika kwa `-o ro,noload`, na chukua `sha256sum` ya faili (alama ya kuthibitisha kuwa halikubadilika) kabla na baada.