Mtani anajibu, msailiwa hajibu

Mpare na Mchaga wakikutana kwenye daladala ya Mbagala, abiria wote wamepata burudani. Mmoja ataambiwa kwao bahili hadi chumvi wanahesabu punje, naye atajibu kwamba kwa wenzake sarafu ikianguka hata maiti anageuza shingo. Gari zima linacheka. Sina ugomvi na utani huo. Watani haohao ndio wanaokuja msibani, wakaigiza marehemu alivyokuwa akitembea, mpaka mfiwa aliyekuwa analia anajikuta anacheka.

Mimi kazi yangu ni kuajiri. Nimekaa kwenye paneli nyingi za usaili hapa Dar, na maneno ya kwenye daladala nayasikia tena huko, karibu neno kwa neno. Tofauti ni moja tu: anayetaniwa hayumo chumbani, na hata angekuwemo, anaomba kazi. Atajibu nini?

Siku moja tulikuwa tunatafuta mtunza fedha wa duka la jumla Kariakoo. Kijana mmoja aliwaacha wenzake mbali kwenye jaribio la hesabu. Alipotoka, mwenye duka akasoma jina lake la ukoo kwa sauti, akatabasamu. "Huyu naye! Si ndiyo kumkabidhi fisi bucha?" Tukacheka. Nami nilicheka, tena sana. Hakuna aliyesema asichukuliwe. Faili lake likawekwa chini ya mengine na halikupanda tena. Nadhani mpaka leo anaamini hesabu ndizo zilizomwangusha.

Huo ndio ukabila ninaoujua mimi mjini hapa. Hautukani mtu wala haumfukuzi, unasogeza faili. Na unajilisha wenyewe. Mtunza fedha wa kabila lile akiiba, tunasema "si nilikwambia?" Wa kabila jingine akiiba, ni yeye na tamaa zake, kwao hakutajwi. Ukihesabu kwa mtindo huo miaka kumi, utakuwa na ushahidi tele wa jambo ambalo hujawahi kulipima.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mtu kwa kabila au mahali anapotoka, na inamlinda hata anayeomba kazi. Akionyesha dalili za kutosha kwamba alibaguliwa, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba hakumbagua. Sheria nzuri. Lakini dalili atazitoa wapi, naye kicheko kilipigwa akiwa ameshafika kituoni?

Kwa hiyo siku hizi nafunika majina kabla paneli haijaona karatasi. Kila msailiwa ana namba, na maswali ni yaleyale kwa wote, "kwenu wapi?" halimo.

Sensa ya mwisho kuuliza kabila nchini ilikuwa ya 1967. Serikali iliacha, maofisi bado. Majuzi mteja aliniletea rimu nzima ya fomu za maombi zilizokwisha kuchapwa, na katikati ya "Dini" na "Namba ya simu" kuna mstari wa "Kabila". Nikamuuliza huwa anautumia kwa kazi gani.

Akaikodolea fomu. "Hata sijui. Niliikuta hivyo."

Tukamwita katibu muhtasari aje na rula na kalamu.