Ankara si mzigo: tunayoyaamini kimakosa kuhusu manunuzi hewa

Mchezo wa manunuzi hewa Kenya unajulikana. Mtu anasajili kampuni, anapata PIN, yaani namba ya mlipa ushuru, anajiandikisha kwa VAT, ushuru wa ongezeko la thamani, kisha anaanza kuuza karatasi: ankara za bidhaa zisizokuwapo. Hana stoo wala lori. Anayenunua karatasi hiyo hudai apunguziwe VAT ya asilimia 16 ambayo haikufika serikalini, na huongeza gharama vitabuni ili faida ipungue. KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, ikimtafuta muuzaji, haimpati, hivyo inamgeukia mnunuzi. Katika msako huo hunaswa pia watu walioletewa mzigo wa kweli, na hao ndio wanaoniuma, kwa sababu wengi hushindwa kesi ambayo wangeishinda.

"Nina ankara yenye PIN, sina wasiwasi."

Kuwa nao. Kifungu cha 17 cha Sheria ya VAT ya mwaka 2013 kinataka ankara, ni kweli. Lakini Mahakama Kuu ilishaeleza mwaka 2021 kwamba ankara peke yake haitoshi pale KRA inapokuwa na sababu ya kutilia shaka kama ununuzi ulifanyika. Lazima kwanza pawe na ununuzi.

Tuseme umenunua nondo za shilingi 1,000,000, na VAT juu yake 160,000. Jopo la Rufaa za Ushuru, linaloamua kesi kati yako na KRA, litataka kuziona nondo hizo zikitembea: oda uliyotuma, hati ya kupokelea mzigo yenye namba ya lori na jina la aliyepokea, kadi ya stoo inayoonyesha zimeingia, na ankara za wateja uliowauzia. Tarehe ziendane. Hati ishirini zilizojazwa kwa mwandiko mmoja na kalamu moja, bila namba ya lori hata moja, zitamfaa wakili wa KRA kuliko wewe. Na lile daftari la mlinzi getini, lenye kurasa chafu, ambalo hutupwa likijaa? Lihifadhi. Sheria inataka kumbukumbu za biashara zitunzwe miaka 5, na mara nyingine mstari mmoja wa mlinzi, "lori limeingia saa nne, nondo", una uzito kuliko faili zima la ofisini.

Ukishindwa, hesabu ni hii: VAT ya 160,000 inakataliwa, na gharama ya 1,000,000 inaondolewa kwenye vitabu, kwa hiyo kampuni inadaiwa asilimia 30 yake, yaani 300,000. Jumla 460,000, kabla ya riba ya asilimia 1 kila mwezi na faini.

"KRA ndiyo inayonishuku, basi ithibitishe."

Katika kesi za ushuru mambo yamegeuzwa. Kifungu cha 56 cha Sheria ya Taratibu za Ushuru ya mwaka 2015 kinamtwika mlipa ushuru mzigo wa kuonyesha kwamba makadirio ya KRA, yaani kiasi inachosema unadaiwa, yana makosa. Hata hivyo mzigo huo haugandi begani mwako milele. Ukishaweka mezani ushahidi unaoshikana, KRA nayo inapaswa kuujibu. Kurudia tu kwamba muuzaji yumo kwenye orodha ya washukiwa si jibu.

"Nililipa kupitia benki."

Vizuri, na inasaidia sana. Ila wachunguzi huifuata pesa hadi upande wa pili. Ikiwa kila unapolipa, pesa hutolewa taslimu siku hiyo hiyo, au sehemu yake inarudi kwenye akaunti ya mtu wako wa karibu, taarifa ya benki inakuwa ushahidi dhidi yako.

"Muuzaji akikwepa ushuru, hilo ni lake."

Kwa upande wa maadili, nakubali. Mnunuzi si askari wa kuwachunga wauzaji. Lakini siku hizi sheria hairuhusu udai VAT kama muuzaji hajaitangaza ankara hiyo kwenye ritani yake, taarifa ya ushuru anayoipeleka KRA. Mnunuzi mkweli huumia hapa, na mimi naona si haki. Kwa hiyo fika dukani kwake kabla ya kumlipa mamilioni, na uhakikishe PIN yake.

"eTIMS imemaliza habari hii."

eTIMS ni mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya kielektroniki haikubaliwi, isipokuwa zile zilizosamehewa. Mfumo unajua nani alitoa ankara na lini. Kama kulikuwa na nondo ndani ya lori, haujui.

"Hati nitazipeleka kesi ikianza."

Hapa ndipo kesi nyingi nzuri huzikwa. Una siku 30 za kupinga makadirio, na pingamizi lisiloambatana na hati zake linaweza kuhesabiwa batili. KRA ikikataa pingamizi, una siku 30 nyingine za kwenda kwenye Jopo. Kimbia kwa mtu wa stoo siku ile ile barua ya makadirio inapofika, kabla hajahama kazi na kuondoka na kumbukumbu zote kichwani mwake.