Je, wajua? Ukibadilisha nenosiri la tovuti, fundi wa zamani anaweza kubaki ndani

Mwenye duka la vitenge Kariakoo akiachana na fundi aliyemtengenezea tovuti, hubadilisha nenosiri la akaunti ya usimamizi, basi, roho imetulia. Kwa WordPress, programu ya tovuti iliyotoka mwaka 2003, ametulia mapema.

Nenosiri jipya lina kazi yake, tena kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Ukishaingia, WordPress haikuulizi nenosiri kila ukurasa; hukiachia kivinjari kidakuzi (cookie, alama ndogo ya kukutambulisha) cha siku 2, au 14 ukichagua ikukumbuke. Chukulia ukumbi wa harusi Sinza: kadi ya mwaliko unaionyesha mara moja, unafungwa utepe mkononi, ukitoka kupokea simu unarudi kwa utepe. Saini ya kidakuzi hutengenezwa kwa kuchanganya, pamoja na mengine, herufi 4 za nenosiri lililokwisha kusagwa, yaani kugeuzwa kuwa mfuatano wa herufi usiosomeka. Kamati ikibadili kadi, tepe zote za zamani zinakataliwa mlangoni. Kama fundi alikuwa akitumia akaunti hiyohiyo, anatupwa nje katikati ya kazi.

Ila wapishi wana kadi yao, na hupitia jikoni. Tangu toleo 5.6 la Desemba 2020, kila akaunti inaweza kupewa nenosiri la programu: herufi 24, linaonyeshwa mara moja tu, kwa ajili ya programu za simu na mifumo mingine. Kubadilisha nenosiri kuu hakuligusi. Likiwa la msimamizi, linatosha kufungua akaunti nyingine ya usimamizi bila hata kuuona ukurasa wa kuingilia. (Baadhi ya plagini, yaani programu za nyongeza, za usalama hulizima, kwa hiyo huenda kwako halipo.) Hufutwa kwenye wasifu wa mtumiaji, chini kabisa, ambako ni wachache wanaoshuka.

Kisha fungua orodha ya watumiaji, uchuje wasimamizi peke yao. Kumshusha fundi awe mhariri si adhabu kubwa kama inavyosikika: kwenye tovuti ya kawaida mhariri bado anaruhusiwa kuweka JavaScript, yaani msimbo unaoendeshwa na kivinjari cha anayefungua ukurasa, ndani ya makala. Na paneli ya kampuni inayohifadhi tovuti ina nenosiri lake. Anayeingia huko anafika hadi kwenye hifadhidata na anaweza kujiandika msimamizi upya.

Ukiamua kuifuta akaunti yake, soma swali linalofuata kabla ya kubofya. WordPress itauliza maandishi yake yafutwe au yahamishiwe kwa mtu mwingine, na kurasa nyingi za tovuti yako pengine zina jina lake.