Skrini nyeusi ya xrdp si kosa la bando

xrdp ni programu inayokuwezesha kutumia kompyuta ya Linux ya ofisini ukiwa mbali. Wiki hii tena: "Fundi, nimeweka paswedi, skrini imekuwa nyeusi. Mtandao wa huku Kimara mbovu." Mwenye simu alikuwa ameshanunua bando jingine. Inaniuma watu wanavyopoteza hela kwa tatizo ambalo bando haliligusi.

Ukishafika kwenye kile kisanduku cha xrdp kinachouliza jina na paswedi, mtandao umepita. Kisanduku hicho kinachorwa na kompyuta ya ofisini Posta, kinakuja hadi kwako. Mtandao mbovu utauona kwa picha kukwamakwama na kipanya kuchelewa, au kisanduku kutotokea kabisa. Skrini ikiwa nyeusi baada ya paswedi, au ikijifunga papo hapo, ni sesheni (mazingira ya kazi yanayofunguka ukiingia kwenye akaunti) iliyoshindwa kuwaka kule kule ofisini.

Sababu ninayokutana nayo zaidi ni hii. Kwa kawaida xrdp haikuonyeshi skrini uliyoiacha mezani. Inafungua sesheni mpya kabisa. Jioni umefunga skrini tu ukawahi mwendokasi, kwa hiyo akaunti yako bado imo ndani. GNOME, yaani programu inayochora madirisha na menyu za Linux, haipendi kuendeshwa mara mbili na mtumiaji yule yule: sesheni zote mbili zinagombea D-Bus moja (njia ambayo programu huwasiliana), na ya pili ndiyo inayokufa. Kufunga skrini si kutoka. Toka kwenye akaunti kabisa!

Hakikisha mwenyewe: ingia kwenye kompyuta ya ofisini kwa SSH (njia salama ya kuandika amri ukiwa mbali), andika `loginctl`, itaorodhesha sesheni zilizo wazi. Ukiona jina lako kwenye mstari wenye `seat0`, yaani skrini na kibodi za mezani, umeshampata mchawi. `loginctl terminate-session` pamoja na namba ya sesheni itaiondoa, lakini hesabu ambazo hazijahifadhiwa zinakwenda nayo. Mpigie kwanza aliyeko ofisini.

Mimi huweka Xfce badala ya GNOME, ni nyepesi na haina makuu: `sudo apt install xrdp xfce4`, kisha `echo xfce4-session > ~/.xsession`. Kama unataka skrini ile ile ya mezani, achana na xrdp. Tangu Ubuntu 22.04 (Ubuntu ni aina ya Linux), GNOME ina RDP yake, yaani njia ile ile ya kuonyesha skrini kwa mbali, kwenye mipangilio. Zote mbili zinataka poti 3389 (mlango wa mtandao wa RDP), chagua moja. Na x11vnc, programu nyingine ya kuonyesha skrini ya mezani, haioni kitu kwenye Wayland, mfumo mpya wa kuchora skrini, msihangaike nayo.

Usalama, kwa haraka: usifungue 3389 kwenye ruta. Pitisha ndani ya SSH, `ssh -L 3390:localhost:3389` na anwani ya mtandao (IP) ya ofisi, halafu unganisha kwenye `localhost:3390`. Kama ofisi inatumia modemu ya laini na anwani yake inaanzia kati ya 100.64 na 100.127, hiyo ni anwani ya pamoja ya kampuni ya simu. Hutafikiwa kutoka nje. Hapo weka WireGuard (VPN, njia ya siri ya kuunganisha kompyuta) kupitia seva yenye anwani ya wazi.

Vitabu vinasema jibu liko kwenye `/var/log/xrdp-sesman.log`. Mara nyingine faili hilo linasema tu kwamba sesheni imeisha, basi. Hapo nasoma `~/.xsession-errors`, nabadilisha kitu kimoja kimoja huku nikijaribu. Na nina shaka kama mhasibu anayefuata faili moja jioni anahitaji skrini nzima, SFTP (kuhamisha faili kupitia SSH) ingemtosha. Naiweka kwa sababu ndiyo waliyoizoea.

Kabla ya kununua bando jingine, nitumie kwanza majibu ya `loginctl`.