Je, wajua? Nani huamua maji ya Ziwa Victoria yatoke kiasi gani?

Karibu nusu ya Ziwa Victoria iko Tanzania, zaidi ya asilimia 40 iko Uganda, na Kenya ina takriban asilimia 6. Mito inayoliingia ni mingi, lakini pa kutokea ni mahali pamoja tu: Jinja, Uganda, unapoanzia mto Nile. Anayefungua milango ya bwawa la Jinja anagusa gati la Mwanza na bomba la maji la Kisumu.

Zamani hakukuwa na milango. Maji yalivuka mwamba wa maporomoko ya Ripon: ziwa likipanda yanatoka mengi, likishuka yanapungua. Bwawa la Owen Falls, sasa Nalubaale, lilipoanza kazi 1954, Uingereza na Misri zilikuwa zimekubaliana kwamba litoe maji yaleyale ambayo mwamba ungeyapitisha. Uhusiano wa kina cha ziwa na kiasi cha maji yanayotoka ukachorwa kwenye mchoro, na huo ndio sheria.

Hesabu yake si ngumu. Soma kina kwenye kipimo cha Jinja, na uchukue wastani, kwa sababu upepo husukuma maji upande mmoja wa ziwa na kukudanganya. Toa 7.96, pandisha kwa kipeo cha 2.01 (karibu sawa na kipeo cha pili), kisha zidisha kwa 66.3. Jibu ni mita za ujazo kwa sekunde. Kina kikiwa mita 11 unapata kama 620. Mita 12, kama 1,100. Mita 13, kama 1,700. Maji hayo hupitishwa kwanza kwenye mitambo ya kufua umeme, na yanayobaki kwenye milango.

Tatizo ni kwamba ziwa hili ni zito kusogea. Lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, kwa hiyo sentimita moja ya kina ni karibu mita za ujazo milioni 690. Ukitoa 1,000 kwa sekunde, na mvua isinyeshe wala jua lisikaushe, unahitaji siku nane kushusha sentimita hiyo moja. Anayetoa mita za ujazo 300 za ziada kwa sekunde haonekani leo wala wiki ijayo. Baada ya mwaka ameondoa kama sentimita 14 katika nchi zote tatu.

Ndivyo ilivyotokea. Mwaka 2000 kituo cha pili, Kiira, kilianza kufua umeme kando ya Nalubaale. Vyote viwili kwa pamoja vina megawati 380, lakini vinakunywa maji ya ziwa lilelile, na kuviendesha kwa nguvu zote kunataka takriban mita za ujazo 2,000 kwa sekunde, kiasi ambacho mchoro hauruhusu ziwa likiwa la kawaida. Ukame ulipoingia 2004 hadi 2006, maji yaliyotolewa yalizidi mchoro, na ziwa likashuka hadi kiwango cha chini kuliko vyote vya miaka 80 hivi. Wachunguzi walikadiria kuwa nusu ya upungufu ilitokana na bwawa, nusu na ukame. Kituo cha Bujagali, kilichoanza 2012 mbele kidogo mto unakoelekea, kilikuwa dawa bora zaidi: maji yaleyale yanafua umeme mara ya pili.

Uzito huohuo unafanya kazi kinyume wakati wa mafuriko. Mei 2020 kipimo cha Jinja kilifika mita 13.42, kikipita rekodi ya 13.41 ya 1964. Kufungua milango siku hiyo hakungeokoa nyumba iliyokwisha kuingia maji.

Mchoro ulisainiwa bila Tanganyika wala Kenya huru. Mwaka 1962 Tanganyika ilitangaza kwamba haifungwi na mkataba wa Nile wa 1929 kati ya Uingereza na Misri. Leo itifaki ya bonde la Ziwa Victoria ya 2003 inazitaka nchi za Afrika Mashariki zishauriane, na kamisheni yake iko Kisumu. Kina cha ziwa sasa hupimwa hata na satelaiti, kwa hiyo jirani yeyote anaweza kukokotoa kilichopaswa kutoka. Anachohitaji kutoka Uganda ni takwimu ya kila siku ya kilichotoka.